Majina Yasiyokatwa

Wewe umewahi kulala chumba kimoja na familia nyingine, katikati pametenganishwa na shuka tu? Mimi nimelala. Mwaka tisini na sita, masika yamekolea, nilitoka kwetu Karema nikaja Mpanda kumtunza mkamwana wangu Mariana aliyekuwa amejifungua. Mwanangu Thadei alikuwa konstebo kwenye kituo kidogo cha polisi pembeni ya mji. Kota yao ilikuwa mabati juu mpaka chini, ndiyo wanaita fulusuti. Jua likiwaka mnaiva kama viazi. Mvua ikinyesha humsikii hata mtoto akilia. Ng'ambo ya shuka, shuka lenyewe la maua mekundu, alikaa Koplo Danford, mkewe Skolastika na watoto wao wanne.

Kota ile ilikuwa na adabu yake: ulichosikia ng'ambo ya shuka, hukukisikia. Danford na mkewe wagombane mpaka sufuria zilie, asubuhi tunaamkiana kama watu waliotoka safari.

Jumatano mchana Thadei alirudi na koti la mvua la kituo. Lilikuwa hilo moja kwa askari wote saba, na anayetumwa mbali ndiye anayepewa. Akalitundika kwenye msumari, akakaa. Ugali haukushuka.

"Kesho asubuhi naenda Kabungu na baiskeli," akasema. "Kuna mtu kamjeruhi mfugaji kwa gobore. Nikamkamate."

"Na nani?" nikauliza.

"Peke yangu."

"Bunduki je?"

"Zote ziko lindoni, mama. Nina kirungu na pingu."

Mariana akamtazama, mtoto yuko kwenye ziwa. "Si umwambie Sajenti?"

"Nimwambie nini? Polisi ana jibu moja, ndiyo afande. Nikikataa, kesho kutwa tuko nje na huyo mtoto wa wiki mbili."

Mimi nikalichukua koti nilifue, maana lilikuwa na tope mpaka kwenye vifungo na mimi sikai na uchafu. Kwapani palikuwa na kiraka kidogo, mshono wa mkono, safi kabisa. Nikausifia. Ndani ya kola nikakuta majina ya kalamu, mengi, na darasa langu la nne lilinitosha kuyasoma.

"Mnaandika majina humu?"

"Ukilichukua unaandika lako," Thadei akasema, hanitazami. "Ukilirudisha unalikata mstari."

Nikayafuata kwa kidole. Yote yalikatwa isipokuwa mawili.

"Basi huyu Masele na huyu Cletus wavivu kweli," nikasema nikicheka. "Mstari mmoja tu umewashinda!"

Mariana akainamisha kichwa. Thadei akatoka nje, mvuani. Ndipo shuka lile la maua likasogea, na kwa mara ya kwanza Skolastika akajibu maneno ya upande wetu.

"Hawakuwa wavivu, bibi. Koti lilirudishwa na watu wengine." Akaonyesha kwapani. "Hicho kiraka nimeshona mimi."

Mikono yangu ikabaki ndani ya povu.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inapiga mabati. Thadei alikuwa ameondoka, koti liko msumarini. Nikajua hakulisahau. Nikalikunja, nikalipeleka kituoni, maana mvua ni mvua na mwana ni mwana.

Baiskeli ilikuwa imeegeshwa mlangoni. Sajenti Abednego akaniona, akaangua kicheko.

"Konstebo, mpaka mama kaja kukusindikiza? Unakwenda Kabungu, huendi kuolewa!" Akaligeuza koti, akafunua kola, akampa Thadei kalamu. "Andika jina, saa zinakwenda."

Koplo Danford alikuwa amesimama pale pale, anatazama ukuta kama mtu aliye ng'ambo ya shuka.

Thadei akaishika kalamu. Nikaona ncha yake ikigusa kitambaa, chini ya Cletus, ikaacha nukta. Ikasimama hapo.

"Andika!"

"Ndiyo afa..." Akaiweka kalamu juu ya meza, taratibu, kama yai.

"Afande, nilitaka kusema tangu jana," akasema. "Naogopa. Peke yangu siendi. Nipe mtu wa pili."