Siku za Ukuta

Adhuhuri ya Ramadhani, mwaka wa tisini na sita, Tumu alikuwa amekaa jikoni akila viazi vya jana, kwa kuwa alikuwa katika siku zake. Kando yake wifi yake, Maisara, alikuwa akikuna nazi, amefunga. Mwaka uliopita pia alifunga mwezi wote bila kukatiza. Wanawake wa nyumba ile ya Mji wa Kale walijua maana yake, wakanyamaza. Wanaume waliona ni ucha Mungu. Mume wa Maisara, Jamaldin, karani kule bandarini Kilindini, alisifiwa msikitini kwa kupata mke wa namna ile, naye sifa hakuzikataa.

Joy, muuguzi aliyepanga ghorofa ya chini, alikwisha kumwambia Maisara waziwazi. Siku kutokuja miezi na miezi, ndevu za kidevuni anazozing'oa kwa uzi, mwili kunenepa hata akila kidogo: homoni zimekosa mizani. Mtaani Ganjoni kuna daktari wa wanawake. Atampima damu, atampa dawa, na huenda hata mtoto akapatikana. Mtoto ndiye aliyetakwa na mama mkwe, la sivyo Jamaldin aongeze mke.

"Mke afungao mwezi mzima ana ugonjwa gani?" Jamaldin alimjibu alipoomba apelekwe. "Mshukuru Mngu."

Baada ya Idi, ukuta wa chumba chao ulianza kutoka damu. Ilichuruzika polepole kwenye mawe ya matumbawe, juu ya kichwa cha kitanda, siku kadhaa, ikakoma. Mwezi uliofuata ikarudi. Mama mkwe aliichungulia mara moja tu.

"Ni hedhi," alisema, akaihamishia miswala sebuleni.

Jamaldin hakuchelewa. Alimleta Kadenge, fundi wa nyumba za mawe, aliyeupapasa ukuta akasema una maji yake na chumvi yake ndani, na vikizidiana lazima uumwe. Usipigwe msumari. Upakwe chokaa laini kila mwezi, upumzishwe. Jamaldin alimsikiliza kwa adabu zote. Alinunua chokaa bora, akawakataza watoto wa Tumu kupiga kelele karibu na chumba. Aliyeikoroga chokaa hiyo ni Maisara.

Jioni moja, siku za ukuta zilipokuwa nzito, alimkuta mumewe amekaa kitandani, kiganja juu ya jiwe.

"Pole," alikuwa akiuambia. "Pole sana."

Neno hilo Maisara hakuwahi kulisikia katika chumba kile tangu aolewe.

"Jamali, nipeleke Ganjoni," alisema.

"Nyamaa kidogo," Jamaldin alinong'ona bila kugeuka. "Ukuta walala."

Bi arusi mpya aliletwa mfunguo sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, akapewa chumba cha juu, chenye kuta kavu. Ramadhani ilipoandama tena, Maisara alifunga siku zote. Jamaldin akasifiwa msikitini.