Chiriku Anaanza Shule

Mhariri aliyapanga yale majalada juu ya meza, akarudi nyuma kidogo, akayatazama kama mtu anayetazama wageni walioingia bila kubisha hodi. La kwanza lilikuwa la riwaya ya mapenzi: mwanamke kasimama dirishani, kisogo kwa msomaji. La pili lilikuwa la kitabu cha ufugaji wa nyuki: mfugaji kainamia mzinga, mgongo mtupu. La tatu, la hadithi ya upelelezi, lilijaa umati wa watu katika kituo cha treni, na katika umati wote ule hapakuwa na pua hata moja.

"Ndugu yangu," alisema mhariri, "watu wako hawa tumewakosea nini? Mbona wote wametupa kisogo?"

Mchoraji alicheka kwa adabu. "Ndio mtindo wa siku hizi, dada. Sura anajazia msomaji mwenyewe."

"Mtindo! Hata nyuki umewachora macho."

Mchoraji alijishughulisha kufunga na kufungua kamba ya mkoba wake. Naye mhariri, mwanamke mwenye sauti nzito na moyo usiofanana na sauti hiyo, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio ingawa haikuwa na vumbi. Mchoraji alimjua vya kutosha. Miwani ile ikivuliwa, kuna neno linatafutiwa mlango wa kutokea.

"Mwandishi ameleta hadithi mpya ya Chiriku," alisema hatimaye. "Anaanza shule."

"Chiriku ameisha."

"Najua unavyojisikia."

"Hujui, dada. Tuyaache."

"Laiti ningekuwa na uwezo wa kuyaacha." Mhariri alivuta mtoto wa meza, akatoa karatasi na kuiweka kifudifudi. "Ulitia saini, na mimi nilitia saini kama shahidi. Jina ni la kampuni, na mtoto wa kwenye karatasi ni wa kampuni pia. Wakubwa wamesema usipomchora wewe, atachorwa na mwingine. Huyo mwingine amekwisha kujaribu."

Akaigeuza karatasi.

Alikuwa Chiriku, na hakuwa yeye. Nywele zilikuwa zake, na gauni la madoa lilikuwa lake, lakini macho yalikuwa makubwa kama sahani, yakimeremeta bila kutazama kitu, na meno yote ya mbele yalikuwa yamejaa, meupe, yamejipanga vizuri. Mchoraji mgeni alikuwa ameliziba lile pengo la Chiriku. Mwenye Chiriku moyo ulimlipuka kama wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya marehemu akamkuta asiyemjua amevaa nguo zake, tena zimemkaa.

"Mama mtu akikataa, je?" aliuliza.

Mhariri alifikiri. "Mama mtu akikataa, nitakwenda mwenyewe kwa wakubwa nikawapigie magoti. Niletee neno lake."

Alitoka pale na nafuu ya ajabu. Mama huyo alikuwa dada yake wa kuzaliwa, naye angekataa, hilo halikuwa na shaka. Angekataa kwa ukali, pengine kwa machozi, na mchoraji angelibeba lile neno lake la kukataa mpaka ofisini, na mambo yangeishia hapo.

Chiriku hakuwa ametungwa na mtu. Alikuwa binti wa huyo dada yake mdogo, na jina hilo alipewa kabla hajatimiza miaka mitatu, kwa sababu mdomo haukumkaa kimya. Alikuwa akiletwa kwa mjomba wake kila mama yake alipozidiwa na kazi, akaweka makao yake chini ya meza ya kuchorea, huko akahojiana na dunia nzima. Kwa nini kalamu ya kijani inaitwa kijani na majani mengine ni mekundu? Je, sungura kwenye picha anajua kwamba amechorwa? Mjomba alijibu alichoweza, na alichoshindwa alikichora. Mwandishi mmoja alipoleta hadithi ya mtoto anayeuliza maswali mpaka majirani wakafunga madirisha, mchoraji hakuhangaika kutafuta sura. Aliinama tu, akatazama chini ya meza. Paji la uso pana, pengo katikati ya meno ya mbele, soksi moja juu na nyingine chini. Kitabu kilipendwa, vikafuata vingine viwili.

Kisha homa ikaja, ile inayoshika shingo na kuikaza, na kati ya kushikwa na kuondoka kwake hapakuwa na nafasi hata ya kuzoea neno ugonjwa. Siku ya maziko, watoto wa mtaani walisimama kando wakinong'onezana. Mchoraji alimsikia mmoja akimuuliza mwenziwe, "Sasa kwenye kitabu naye atakufa?" Tangu siku hiyo mkono wake ulikataa sura. Alichora viti, miti, mabonde, vyombo vya jikoni kwa uaminifu wa hali ya juu. Lakini kila alipofika usoni pa mtu, penseli ilizunguka ikatokea upande wa pili, kwenye kisogo.

Dada yake alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi iliyolala ubavu, na kamba iliyopita kutoka ukuta hadi ukuta ikiwa na sare za shule zilizotundikwa. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na tangu msiba ule masafa yake yalikuwa yamezidi kurefuka. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Sketi zilijaa hata kwenye viti.

"Karibu, Kaka. Zisogeze hizo ukae. Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda."

"Basi tumegawana," alisema, akaendelea kukanyaga.

Mchoraji alizungukazunguka. Akauliza habari za shemeji, akausifia uzi, akalaumu joto. Mwishowe akajikaza. "Wanataka kitabu kingine."

Mguu ulisimama juu ya kikanyagio. "Cha Chiriku?"

Mchoraji hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwa dada yake tangu walipotoka makaburini. Lilitoka kawaida tu, bila kutetemeka, na ukawaida huo ndio uliomtisha.

"Eti anaanza shule. Nimewaambia haiwezekani. Nimekuja uniambie neno lako tu, nikawaambie mama mtu amekataa, yaishe."

Dada yake aliinamia kitambaa, akakata uzi kwa meno, akautoa mdomoni na kuuviringa kidoleni. "Nani amekwambia nimekataa?"

"Dada…"

"Mchore."

"Hujanielewa. Wanataka nimchore akiwa mkubwa. Anavaa sare, anabeba mkoba."

"Nimekuelewa, Kaka. Mchore." Alimtazama sasa, na macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu aliyekwisha kumaliza akiba. "Unajua wanavyoniita hapa mtaani? Nilikuwa Mama Chiriku. Siku hizi naitwa 'fundi', naitwa 'samahani', wengine wanakohoa tu. Wakinikuta njiani wananipa habari za mvua. Kina mama wenye watoto wa rika lake wananiletea vipimo kwenye karatasi, wasije na mtoto mwenyewe nikamshika mabega. Wananionea huruma, sawa, Mungu awalipe. Lakini wote wamekubaliana kwamba hakuwahi kuwepo. Na wewe umo."

"Mimi?"

"Wewe. Unakuja hapa unasifia uzi."

Pasi ilikuwa ikipoa kwa mlio mdogo wa chuma. "Sijui sura yake ya sasa," alisema mchoraji, na alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kitoto. "Ninayoijua ni ile aliyokuwa nayo. Angekuwaje leo, sijui."

"Hata mimi siijui," alisema dada yake. "Ndiyo maana nakuomba wewe."

Alirudi kwake mikono mitupu, bila lile neno la kukataa alilolifuata.

Siku zilizofuata aliifungia simu kabatini na kukaa mezani. Mtoto wa kwanza kutoka kwenye penseli yake alikuwa yule yule wa zamani aliyerefushwa miguu, kama aliyesimama juu ya stuli. Akamchana. Wa pili alikuwa na sura ya mtu mzima aliyesinyaa. Akamchana naye. Ujuzi wa kazi anao. Anajua kwamba macho ya mtoto hayakui sana, bali uso ndio unaoshuka chini yake, taya likajitengeneza, mashavu yakaachia. Anajua shingo hujitokeza, na magoti yakawa na mifupa. Lakini haya aliyajua kwa watoto wa watu. Kwa huyu, kila mstari uliomkuza ulimnyang'anya kitu alichokuwa na hakika nacho. Akipunguza shavu, lilikuwa lile shavu alilokuwa akilibana. Akisogeza paji, liliondoka paji lililokuwa likijigonga kwenye ukingo wa meza.

Akafika mdomoni, akakwama kabisa. Meno ya utotoni yangekuwa yameanza kung'oka, na pengo lenyewe lingekwenda nayo. Hasira aliyokuwa nayo kwa yule mchoraji mwingine ilimrudia usoni kama mlango uliosukumwa na upepo. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alipaswa kulifuta lile pengo. Alikaa muda mrefu ameshika kifutio. Jua lilihama kutoka kona moja ya meza hadi nyingine. Mwishowe alimng'oa meno ya mbele, yote mawili, akaacha ufizi mtupu wa mtoto anayejivunia kung'oka meno, kisha akaendelea haraka kabla moyo haujamgeuka: sikio, utaya, kola. Alipoinua kichwa, chai ilikuwa imeshika utando, na kwenye karatasi alikuwapo msichana aliyemkazia macho bila haya, kama anayengoja zamu yake ya kusema.

Hakuwa na uhakika kama alimpenda. Alijua tu kwamba hawezi kumchana.

Kurasa zilipotimia alizipeleka kwa dada yake kwanza, kabla ya ofisini. Ilikuwa alasiri yenye mawingu mazito. Dada yake alinawa mikono, akaikausha, akaondoa mkasi na chaki kwenye meza ya kukatia. Alizipanga kurasa kwa mpangilio wake, akaanza kuzitazama moja baada ya nyingine, mikono nyuma, kama mwalimu anayepita kati ya madawati.

"Kola hii umeishonaje?" aliuliza kwenye ukurasa wa tatu.

"Sikuishona, nimeichora."

"Basi umeichora vibaya. Kola ya sare hailali hivi, inasimama hapa shingoni. Na marinda yanaelekea upande mmoja. Ukimpeleka mtoto shuleni na marinda haya watasema hana mama."

Mchoraji alitafuta pa kutazama. Lakini dada yake alichukua penseli kutoka mfukoni mwa shati la kaka yake, akainama, akayarekebisha marinda mwenyewe, kwa mistari mizito isiyofutika vizuri, akaurudisha mkono wake nyuma.

Alifika kwenye ukurasa wa katikati. Hapo Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, nusu ndani, nusu nje, amegeuka kumtazama aliyemleta, mdomo wazi na ufizi wake nje. Aliyemleta haonekani, yuko upande huu, upande wa msomaji.

Dada yake alisimama hapo. Nje, mtu alipita akikokota mkokoteni wenye gurudumu linalolia, ukalia mpaka ukaisha mtaani.

"Huyu simjui," alisema.

Mchoraji alinyoosha mkono kuichukua karatasi. "Nitabadilisha. Nipe siku mbili tatu. Naweza kumrudishia…"

"Usimguse." Hakuwa ameinua macho. "Simjui. Lakini naona angekuwa jeuri."

"Angekuwa jeuri sana."

"Angenitoroka pale mlangoni bila hata kuaga."

"Angeaga. Halafu angerudi kuuliza kwa nini watu wanaaga."

Sauti ilimtoka dada yake, nusu kicheko na nusu kitu kingine, akaiziba kwa mgongo wa mkono. Mchoraji alianza kuzikusanya kurasa polepole, kingo kwa kingo, maana mhariri alikuwa akingoja na mvua ilikuwa imekaribia. Alizitia mkobani zote isipokuwa ile moja, ambayo dada yake alikuwa ameifunika kwa kiganja.

"Ana urefu gani?" aliuliza dada yake.

"Nani?"

"Huyu."

"Dada, ni picha. Haina…"

"Umemsimamisha mlangoni. Mlango una urefu wake. Niambie."

Mchoraji aliinama juu ya karatasi. Swali kama hilo hakuwahi kuulizwa na mhariri yeyote. Alipima kwa jicho, kisha kwa penseli, kutoka kizingitini hadi juu. "Utosi wake umepita kitasa," alisema. "Kidogo tu."

Dada yake alikwenda kwenye mlango wake mwenyewe, uliokuwa umeegeshwa. Akanyoosha mkono, kiganja chini, karibu na kitasa. "Hapa?"

"Juu kidogo."

Akaupandisha. "Hapa?"

"Hapo."

Mkono ulibaki pale. Matone ya kwanza yaligonga bati, machache, makubwa, yenye nafasi kati yake. Mchoraji alikuwa amekwisha kuvaa mkoba begani, na njia ya kutokea ilikuwa hiyo moja. Aliutazama ule mkono wa dada yake, vidole vilivyotobolewa na sindano, vimejikunja kidogo bila kugusa kitu. Akauvua mkoba taratibu, akasogeza sketi, akakaa.