Nyumba Kumi na Kivuli Kimoja

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeshika hatamu.

Zilikuwa hatamu za kweli, kamba za katani, na kila kamba imefungwa kwenye nyumba. Sikushangaa. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi hapa mtaani. Chama kilinipa kazi hiyo tangu mwanangu Yustina yuko mgongoni, na kila uchaguzi nimepita bila kupingwa. Basi ndotoni nikawa nazitembeza nyumba zangu kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni. Wenyewe walikuwemo ndani, wakiendelea na shughuli zao. Jirani yangu, Bi Tabu Nyoni, alikuwa anakaanga maandazi huku nyumba yake inayumba, na mafuta hayamwagiki.

Mara redio ikatangaza kutoka juu ya paa: "Kuanzia sasa vyama ni vingi. Wenye hatamu waziweke chini."

Naziweka chini. Vidole vinakataa kunyooka.

Hapo ndipo Kivuli akatokea. Nilimjua mara moja. Enzi zote za chama kimoja, karatasi ya kura ilikuwa na picha ya mgombea, na pembeni yake kivuli kisicho na uso, kwa ajili ya wanaotaka kusema hapana. Ndiye huyo. Amevaa kaunda suti iliyopigwa pasi vizuri, ila juu ya kola hakuna kitu.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nagombea."

"Nafasi ipi?"

"Yako."

Nikamweleza kwa upole kwamba mimi hupita bila kupingwa. Akasogea, akasimama katikati ya njia. "Haya, pita," akasema.

Nikajaribu kushoto, yupo. Nikajaribu kulia, yupo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupingwa. Huuma begani.

Nilipogeuka, njia ilikuwa imekuwa uwanja wa shule ya msingi. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Ikajigonga yenyewe, ikasema, "Kila nyumba isimame nyuma ya inayemtaka. Asionekane mtu anasukuma nyumba."

Tukapewa nafasi ya kujieleza. Nikasema jinsi nilivyogawa sukari wakati wa uhaba bila kumnyima mtu, na jinsi nilivyosuluhisha ugomvi wa watu usiku na mchana. Nikajipigia makofi, maana nyumba hazina mikono.

Kivuli akasema, "Mimi sina cha kuahidi. Nilisimama tu kwenye karatasi, na watu wakawa wananijia kimyakimya. Ninaomba leo waje wazi."

Nyumba zikaanza kutembea. Ya Bi Tabu ikaja kwangu. "Usidhani nakupenda sana," akanipigia kelele dirishani, "maandazi yataungua nikienda mbali." Nyingine zikaenda kwa Kivuli, nyingine zikaja kwangu, na kengele ilipotazama ikasema tunalingana, tano kwa tano. Imebaki nyumba moja, nje ya zile kumi.

Ni yangu.

Mume wangu, Kalisti, amekaa dirishani. Ni mtu wa maneno machache. Nikimuuliza lolote, jibu lake ni "sawa." Sasa anainamisha kichwa nje.

"Mama Yustina," anasema, "mimi nilikuwa nampigia huyu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mjumbe wangu ni wewe."

Kamba ya nyumba yangu ilikuwa hapo chini, karibu na mguu wangu. Nikaikanyaga. Nyumba ikanyanyuka kidogo, ikakwama, matofali yakalia. Kalisti hakuomba. Alinitazama tu, kama anavyoitazama mvua.

Nikaondoa mguu.

Nyumba ikazunguka taratibu, ikanipa mgongo, ikaenda zake. Kengele ikalia. Mkono wangu ukabaki umefumbata hewa, nami nikaona haya, kisha nikaona wepesi, sijui kipi kilitangulia. Juu ya kola ya Kivuli kitu kikaanza kuota, kama uso. Sikuwahi kuona ni wa nani.

Niliamka asubuhi, jua linanipiga machoni.

Nikabaki nimelala nikilitazama. Chumba chetu dirisha lake liko magharibi. Tangu tujenge nyumba hii, jua huingia humu jioni tu, tena kidogo, na asubuhi huwa lazima tuwashe taa kutafuta viatu.

Kalisti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa viatu vyote viwili, amekinga macho kwa kiganja.

"Mama Yustina," akasema, "humu itabidi tuweke pazia."