Mtani wa Baba

“Nesh!” mzee wa Kiingereza alipaza sauti kutoka ng’ambo ya barabara, kavaa shati la mikono mifupi, na umande ungali umeganda juu ya magari.

“Kuku aliyenyonyolewa wee!” Baba alimjibu kwa Kiswahili, bila kusimamisha cherehani.

Ndivyo zilivyoanza asubuhi zote za Julai, mwezi wa baridi kali huku kusini tulikohamia, mtaani kwetu Bertrams. Baba, fundi Mwadini wa Handeni, alishonea barazani amevaa makoti mawili na kofia ya sufu hadi masikioni. Mzee yule, Wilf, aliyekuja ujanani kuchimba dhahabu akabaki peke yake, alikuwa akienda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Akishapita, Baba alicheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni.

“Sisi Wazigua watani wetu ni Wanyamwezi,” aliniambia. “Huku hawapo. Mungu kaniletea huyu.”

Mimi nilikuwa nimeshakimbilia ndani. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Braamfontein, nikisoma lugha, na kila mzungu yule alipomtukana baba yangu mbele ya majirani nilitamani ardhi inimeze.

Nikalitafuta neno lake maktabani. Lilikuwa neno kongwe la Uingereza ya kati. Zamani lilimaanisha kitu laini, chororo. Karne zikapita, ulaini ukahesabiwa udhaifu, na neno likawa la kumsimanga asiyestahimili baridi, mtu ambaye wachimbaji wenzake wangemwona hafai kwa kazi ya wanaume.

“Baba, yule hakutanii,” nilimwambia jioni ile. “Anasema wewe si mwanamume wa kutosha.”

Alikata uzi kwa meno. “Umesoma, mwanangu.”

Kesho yake mzee alipoita, Baba aliinuka, akavua kofia, akamwamkia kwa Kiingereza cha adabu, kile anachozungumza na polisi.

Mzee Wilf alisimama. Alingoja, kichwa kakiinamisha upande, kama mtu aliyebisha hodi nyumba anayoijua. Kisha akaenda zake. Baada ya wiki alianza kupita barabara ya nyuma.

Mwishoni mwa Agosti mama wa spaza alituambia mzee amekutwa amekufa chumbani. Alikuwa ameshazikwa, na mazikoni walikuwa mama huyo na kasisi tu.

“Nilidhani mtakuja,” alisema.

Usiku nilishindwa kula. Nikamwomba Baba radhi, nikilia.

“Kwani ulifikiri sikujua ni tusi?” aliuliza taratibu. “Utani wa kusifiana uko wapi?”

“Sasa mbona uliacha?”

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. “Nilikuona unanionea haya.”

Jumamosi tulikwenda makaburini. Kwetu, mtani ndiye anayemkejeli marehemu mpaka wafiwa wacheke. Asipokuja, msiba huwa na pengo. Tulilikuta tuta la udongo mwekundu na kibao chenye namba. Baba alisogea, akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufumba.

“Nusaiba, hebu kanisubiri getini.”

Nikaenda. Kutoka kule nilimwona ameinama, akilitikisia tuta kidole, mabega yanapanda na kushuka. Nilitega sikio. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwangu kwenda kwake, na sikuambulia hata neno moja.