Mlango Wenye Komeo

Nyumba ya Fundi ilikuwa na milango mitatu, na mmoja tu ndio uliokuwa na komeo: wa bafuni. Kwa miaka minne huo ulimtosha. Kila saa moja asubuhi aliingia, akakomea, akameza kidonge chake cha kuzuia virusi vya ukimwi, kisha akatoka kwenda kwenye cherehani yake. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alijua yote. Mama mkwe hakujua lolote, na Fundi aliapa hatajua.

Mimba ilipoingia hakukosa hata siku moja. Muuguzi wa kliniki, mwanamke asiyetupa maneno ovyo, alimsifu. "Virusi havionekani kwenye kipimo. Endelea hivyo hivyo, umnyonyeshe mwanao." Mtoto akazaliwa, akapimwa akiwa na wiki sita, akakutwa salama. Fundi alicheka njia nzima kama mwehu.

Kisha mama mkwe akaja kusaidia kulea.

Na alisaidia kweli, tusimsingizie. Alifua, alipika, alifagia mpaka uvungu wa kitanda ambao haukuwa umeona ufagio tangu harusi. Alilala chumba kimoja na mkwewe ili mtoto akilia wapokezane. Ila alikuwa na lake moja: saa moja kamili asubuhi alichukua kikombe cha maji, akaingia bafuni, akakomea, akakaa.

"Mama, unaogelea humo?" Fundi alimtania siku moja.

"Mwache mtu mzima asukutue meno yake yaliyobaki," mama mkwe alijibu kutoka ndani, na wote wawili wakacheka.

Fundi alingoja zamu yake. Mama mkwe akitoka, mtoto ameamka. Mtoto akinyamaza, mteja anabisha hodi anataka gauni lake. Kidonge kikawa cha saa tatu, kikawa cha mchana, kikawa cha kesho. Kopo lake la vidonge alikuwa amelishindilia pamba lisilie, akalificha chini ya vifungo kwenye mkebe wa biskuti, na mara nyingi mama mkwe alikaa kando ya mkebe huo huo akimtungia uzi kwenye sindano. Angeweza kumwambia. Hakumwambia. Alijipa moyo kwa maneno ya muuguzi: havionekani. Kisichoonekana, aliwaza, kitatudhuru nini? Wiki ikafuata wiki. Lilikuwa kosa la kijinga, na mpaka leo analiita hivyo, halipambi.

Tarehe za kliniki alizikwepa mara mbili. Akaja kwenda pale mtoto, sasa wa miezi saba, aliposhikwa na homa isiyokatika. Wakatolewa damu, wakaambiwa warudi. Siku ya majibu mama mkwe aling'ang'ania kwenda kumbeba mjukuu wake. Muuguzi akamwita Fundi ndani peke yake.

"Virusi vyako vimepanda," alisema. "Na mtoto anavyo."

"Mlisema havionekani."

"Havikuonekana kwa sababu ulikuwa unameza."

Hakusema kwa ukali. Heri angefoka. Alimweleza kwamba mtoto anaanza dawa leo, kwamba akizipata kila siku atakua na atasoma, kisha akamkabidhi kopo dogo. Fundi alitoka nalo mkononi.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mtoto mapajani. Aliliona lile kopo. Hakuuliza ni la nini, aliuliza, "Tangu lini, mwanangu?"

"Miaka minne na ushee, Mama. Nilikuwa nameza. Ulipokuja nikaacha. Nilikuogopa."

Mama mkwe alimsogeza mtoto kwenye paja moja. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa kopo kama lile lililofichwa chini ya vifungo, akalifungua. Juu kabisa palikuwa na pamba.

"Miaka kumi na mmoja," alisema. "Nilikuwa najifungia bafuni usinione. Nilidhani ukijua utaninyima mtoto nisimshike."

Fundi alilia pale pale mbele za watu, bila kujificha, akijuta kila asubuhi aliyosimama nje ya mlango ule akingoja. Mama mkwe alimshika mkono, naye akashindwa kujizuia.

Mtoto alilinyakua kopo la bibi yake, akalitikisa, akasubiri lilie.