Zimwi la Alasiri

Watazamaji wana midomo, jamani. Tamthilia ya Wasaka Mazimwi ilipofutwa kabla haijatimiza miezi miwili, nilidhani watanyamaza, maana hata adui akishazikwa huachwa apumzike. Wapi! Ukurasa wa kituo cha runinga mtandaoni uliendelea kufurika maoni. "Zimwi lina zipu mgongoni." "Nimeona soksi ya zimwi, imetoboka kisiginoni." Mama mmoja aliandika kwamba mwanawe mdogo amelionea huruma, anauliza kama limeshakula. Chini yake vicheko tele.

Zimwi lenyewe ni mume wangu.

Mkataba ulimkataza kumwambia mtu, kwa kuwa sura yake ilikuwa ifichuliwe sehemu ya mwisho. Siri tukabaki nayo wawili, na sehemu ya mwisho haikufika. Akawa anakaa ukingoni mwa kitanda na simu yake, anasoma maoni yale moja baada ya jingine mpaka chai inapoa. Mwanamume aliyekuwa akiunguruma bafuni kila asubuhi hadi majirani wanagonga ukuta, sasa hata kuniomba chumvi alinong'ona.

Kisha asubuhi moja mtayarishaji wa michezo ya redio akampigia. Alikuwa anatafuta sauti nzito, akamtaka aende kesho yake akajaribiwe. Mume wangu akashukuru, akasema atafikiria. Alipokata simu akaniambia haendi.

"Redioni hakuna zipu," nikamwambia.

"Wamecheka kila kitu, mke wangu."

"Nani kacheka sauti? Nioneshe hata mmoja."

"Nioneshe wewe aliyeisifu."

Nikaichukua simu nikapekua maoni mpaka chini, sifa ya sauti haikuwemo. Nilikasirika, na hasira haikuwa kwake, ilikuwa kwa watu wale wenye vicheko. Tena niliogopa. Namjua mume wangu, akikataa mara hii hatajaribu tena, na mimi sikuolewa nizeeke na mtu wa kunong'ona.

Nashona sare za shule kwenye karakana ya Mama Mikasi. Tuko sita. Runinga iko juu ya kabati la vitambaa, na huwashwa tangu tunapofungua mpaka tunapofunga, lakini hakuna anayeitazama. Ukiondoa macho kwenye kazi, sindano inakula kidole au kola inakwenda upande. Runinga sisi tunaisikiliza tu. Mama Mikasi amefuatilia tamthilia moja ya mapenzi miaka nenda rudi, anamlilia bwana wa mle kama mwanawe wa kumzaa, na siku alipomwona kwenye bango barabarani aliniuliza yule kaka anagombea nini. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiinua kichwa zimwi likiingia. Zipu niliiona sana. Iliniuma kama mke na ikaniuma kama fundi, maana aliyeishona hakujua kazi.

Siku ile ile ya simu, mume wangu alipita karakana kuchukua ufunguo wa nyumba. "Shemeji huyo!" wakamlaki, wakamsogezea kiti. Alasiri ilikuwa imeingia. Runinga ikaanza kipindi cha kilimo, na Mama Mikasi akasonya.

"Saa kama hizi tulikuwa na zimwi letu," alisema. "Wamelifuta. Mijitu mingine haina haya."

Mume wangu akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Nikaona nafasi ndiyo hii. "Hivi nyie mlikuwa mnalionaje lile zimwi?"

"Nani aliliona?" Mama Pacha, mshona kola, alijibu bila kugeuka. "Mimi kulisikia tu kulinitosha. Siku lile linapumua nyuma ya mlango nilijishona kidole. Kovu hili hapa." Akainua kidole, macho palepale kwenye kola.

"Mimi niliharibu suruali ya mteja," Mama Mikasi akasema. "Mguu mmoja ukaishia gotini. Na wale wasakaji hovyo kabisa! Wanalinyatia huku wanapiga soga. Ningekuwa mimi zimwi, ningewala siku ya kwanza tukapata amani."

"Lilikuwa refu, lile," akasema mwingine. "Lazima liliinama mlangoni."

"Pana! Lina manyoya mpaka chini."

"Manyoya wapi, lile la magamba! Huyasikii yanavyokwaruza ukuta?"

Wakashikana maneno, kila mmoja na zimwi lake. Mume wangu aliinua uso.

"Na zipu je?" aliuliza polepole.

"Zipu gani tena, shemeji?" Mama Mikasi akashangaa. "Umeleta nguo ya kurekebisha?"

Akanitazama. Mimi ninayejulikana kwa mdomo nikaufunga, maana hapa neno langu lisingefaa kitu. Alisimama, akavuta pumzi hadi tumboni, akaiachia taratibu kooni. Kwanza ilikuwa kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Kisha ikapanda, ikakwaruza, ikatushukia shingoni. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mama Pacha alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Mama Mikasi alishaingia chini ya meza ya kukatia, mkasi mbele.

"Nani kalifungulia mlango?" alipiga kelele.

Tangu nianze kazi pale sijawahi kuona vichwa vyote vimeinuka saa za kazi. Viliinuka siku hiyo, na vyote vilimtazama mume wangu, kandambili na shati lake la kawaida.

"Shemeji," Mama Pacha alisema. "Ni wewe?"

Akatikisa kichwa kukubali. Vigelegele vikapasuka, makofi, matusi ya mapenzi. Mama Mikasi alitambaa akatoka chini ya meza, akamchapa begani kwa hofu aliyomtia, akamkumbatia, akamchapa tena. Mimi nililia juu ya sare za watoto wa watu, wala sikujificha.

Katikati ya fujo ile mume wangu alitoa simu, akampigia mtayarishaji. Akamwambia kwa sauti yake yote kwamba kesho atakuja. Nadhani yule bwana aliuliza kelele hizo ni za nini, kwa sababu mume wangu alitutazama mmoja mmoja kabla ya kujibu.

"Ni watazamaji wangu," alisema.