Usukani Ulionyooka kwa Macho

Telesphory alikuwa dereva wa lori la Bonaventura kwa miaka minne. Alibeba saruji, alibeba dagaa wa Kibirizi, na tangu vita vya Burundi vilipopamba moto alibeba watu. Walifika Kagunga, mpakani kando ya ziwa, kwa miguu, wakaletwa Kigoma kwa maboti, kisha malori ya kukodi yakawapandisha milimani hadi kambini, upande wa Kasulu. Bonaventura alikuwa na mkataba wa kazi hiyo. Hakuwa mwenyeji, alifuata biashara, na Kiha, lugha ya wenyeji, hakukijua hata cha kusalimia.

Wiki moja lori lilianza kutangatanga barabarani. Viungo vya usukani vilikuwa vimelika. Telesphory akalipeleka gereji kwa fundi Oswald, mtaa wa Mwanga pale Kigoma, naye akafunga viungo vipya pamoja na ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye boksi ya usukani kwenda kwenye tairi la mbele. Walipolijaribu, lori lilikwenda sawa, lakini usukani wenyewe ulikuwa umelala kushoto, karibu nusu mzunguko.

"Hiyo fimbo hujaipatia urefu wake," Telesphory alisema. "Irekebishe."

"Kesho utalikuta tayari, kaka."

Kesho yake Oswald alilileta lori mwenyewe hadi kwenye uwanja karibu na ziwa, walikokusanywa wakimbizi. Telesphory alipofika, watu walikwisha kupanda, wamebanana na mikeka yao, masufuria na watoto. Akaingia, akaona usukani umenyooka, akashukuru. Akawasha gari na kuanza kuondoka.

Kutoka uwanjani lazima ukate kushoto. Akakata. Usukani ukagota kabla kona haijaisha, na pua ya lori ikaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya lango. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nyuma watu walipiga kelele, sufuria zikaanguka.

Akarudi nyuma, akajaribu tena. Yale yale. Akauzungusha kulia: ukaenda, ukaenda, ukaenda. Kushoto: ukagota mapema. Hapo akaelewa.

"Oswald! Njoo hapa! Umefanya nini?"

Fundi akaja akijifuta mikono. "Nimenyoosha usukani."

"Umeuchomoa, ukaurudisha umenyooka, na boksi ndani bado imelala kushoto? Fimbo hukuigusa?"

Oswald akatazama chini. "Bosi alisema lori linahitajika mapema. Akasema ninyooshe usukani. Nikaunyoosha."

"Yaani umenyoosha ninachokiona, ukaacha kinachoua! Kule milimani kuna kona ngapi za kushoto? Nikigotewa kule, kuna nguzo ya kunisimamisha?"

Bonaventura alikuwa amesimama karibu na lango, akasogea. "Kuna nini tena? Mbona hamuondoki?"

"Lori haliwezi kupanda mlima. Watu washuke, tulitengeneze."

"Limetengenezwa. Endesha taratibu."

"Kwenda taratibu hakuongezi kona, bosi. Lori halikati."

"Wewe endesha!"

"Siendeshi."

Bonaventura alimtazama, kisha akageukia watu waliokuwa juu ya lori, akapaza sauti ili kila mtu asikie. "Mmesikia? Dereva anakataa kuwabeba! Hataki Warundi kwenye gari lake!"

Halafu minong'ono ikaanza, ikawa makelele. Mwanamke mmoja aliyembeba mtoto mgongoni akasimama kule juu, kwenye ubavu wa lori. Jina lake Ndayikeza. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na hasira yake haikuhitaji mkalimani.

"Muzehe, sisi tumekukosea nini? Kagunga walituambia tukae, tukakaa. Kwenye boti wakatuambia tusubiri, tukasubiri. Hapa tumelala chini kwenye mvua. Sasa tushuke? Anayeshuka huwa harudishwi! Sishuki!"

Telesphory hakuwahi kusingiziwa hivyo maishani mwake. Mama yake alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Shambani kwao Kidahwe walikuwa wakila pamoja na watu hawa kabla Bonaventura hajaujua mji wa Kigoma unakaa wapi. Akaacha Kiswahili.

"Bavyeyi, sinanse kubatwara!" alisema. Wazazi wangu, sijakataa kuwabeba.

Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Makelele yakakatika. Akawaeleza kwa lugha ya nyumbani, polepole, kisha akamwomba Ndayikeza ashuke yeye peke yake aangalie, na wengine wamshikie nafasi yake. Akashuka, huku ameshika mkono mmoja kwenye ubao wa lori, kana kwamba lingemtoroka.

Telesphory akapanda, akazungusha usukani. Kulia, tairi za mbele zikapinda sawasawa. Kushoto, zikapinda kidogo tu, zikakwama. Akarudia mara ya pili ili aone vizuri.

Ndayikeza alitazama tairi. Akamtazama Bonaventura. "Wewe," alisema, "ulijua?"

Bonaventura akasema yeye si fundi.

"Hukuulizwa ufundi. Umeulizwa kama ulijua."

Ndayikeza akawaita wenzake washuke, nao wakashuka mmoja mmoja, wakakaa kwenye kivuli cha ghala, wakimkazia macho mwenye lori. Bonaventura akatoka nje ya lango bila kumuaga mtu.

Oswald na Telesphory wakaingia chini ya lori. Wakaifungua fimbo, wakazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, wakatafuta katikati ya boksi, wakaiacha hapo. Wakanyoosha tairi. Ndipo wakaizungusha ncha ya fimbo, wakiirefusha kidogo kidogo, hadi ikaingia mahali pake bila kulazimishwa. Wakakaza nati, wakapitisha pini. Usukani ukawa wa mwisho: wakauchomoa, wakaurudisha umenyooka, safari hii kwa haki. Muda wote huo hawakusemezana ila "shika" na "kaza". Walipomaliza, Oswald alisema, "Nisamehe, kaka." Telesphory akamjibu kwamba waombwe msamaha wale pale kivulini. Oswald akaenda kweli, akasimama mbele yao kofia mkononi.

Kona za milimani lori lilizikata zote. Wakafika kambini jua limepinda, na Ndayikeza, alipokuwa akiteremsha mkeka wake, akampa Telesphory mkono.

Kesho yake Bonaventura alimfukuza kazi. Alimwambia mbele ya wapakiaji kwamba dereva anayesikiliza abiria kuliko tajiri hafai. Telesphory aliweka funguo juu ya bonneti akatembea kwenda nyumbani, na njia nzima alikuwa akijibishana na mtu ambaye hakuwepo.

Jioni mlangoni pake alibisha kijana aitwaye Adolf. "Shikamoo, mzee. Mimi ndiye nimepewa lile lori."

Telesphory alishika kitasa, karibu afunge mlango.

"Kesho nabeba watu," Adolf akasema. "Nimekuja kuuliza, lina tatizo gani jingine?"

Telesphory bado alikuwa na hasira. Mwishowe akatoka, akavuta kigoda.

"Kaa," alisema. "Tuanze na breki ya nyuma."